Roketi ya karatasi yanifumulia siri Ifakara

MSOMAJI wangu, kama na wewe ni wa kundi lile linaloamini kwamba roketi ni mambo ya majuu tu, ya Wamarekani na Warusi wenye fedha za kuchoma, hebu vuta kigoda tukae. Mzee mzima nimerusha roketi. Tena siyo Florida wala Baikonur, ni Ifakara, kwenye jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa, huku mbuzi wa jirani akinitazama kwa dharau. Roketi yenyewe ya karatasi. Cheka uwezavyo, lakini ukimaliza endelea kusoma, maana habari hii ina doa, na doa lenyewe ni langu.

Mambo yalianza kwa simu ya dada. Dada yangu huyu si mtu wa kupiga simu ovyo, vocha kwake ni mali. Ukiona jina lake kwenye simu ujue kuna msiba au kuna harusi. Safari hii haikuwa kimojawapo.

"Njoo umwone mpwa wako," alisema bila hata salamu. "Ataniunguzia nyumba huyu."

Kijana yuko darasa la sita. Alikutwa nyuma ya jiko na viberiti pakiti nzima, anakwangua vichwa vya njiti na kuvikusanya kwenye kifuniko cha chupa. Pembeni yake kipande cha bomba la chuma. Kuulizwa anafanya nini, akajibu kwa heshima zote kwamba anatengeneza roketi. Dada akamshushia makonzi mawili, akaficha viberiti, kisha akanipigia mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayehesabiwa msomi. Nilifika kidato cha nne. Divisheni niliyotoka nayo haina haja ya kutajwa gazetini.

Nikapanda basi. Unapoacha barabara kuu pale Mikumi na kushika njia ya Kidatu, unakutana na miwa, halafu milima ya Udzungwa inajipanga upande wa kulia kama ukuta, inakusindikiza Mang'ula, Kiberege, mpaka bonde linafunguka na unaona mpunga. Siku nyingine njia hii mimi hulala. Safari ile sikulala. Njia nzima nilikuwa nawaza neno moja tu: spoku.

BUNDUKI YA SPOKU

Sasa bwana, kijana yeyote aliyekulia Ifakara, mji ambao baiskeli ni nyingi kuliko viti, anaijua bunduki ya spoku. Sitaeleza inavyotengenezwa na mhariri asinilazimishe. Jua tu kwamba ni chuma kidogo, kiberiti kidogo, na mlio wa kumtoa bibi kizee usingizini.

Tulikuwa kidato cha pili, mimi na mshikaji wangu ambaye kiti chake darasani kilikuwa jirani na changu, na nyumba yao ilikuwa jirani na yetu. Tulichoka na mlio. Tukataka kitu kiruke. Tukatafuta chuma kikubwa zaidi ya spoku, na naomba niishie hapo kwenye maelezo ya ufundi. Chuma hakikuruka. Kilipasuka.

Mimi nilikuwa nimesogea hatua kadhaa kuchungulia kama kuna mtu mzima anakuja. Yeye alikuwa amechuchumaa palepale. Kipande kimoja kilimpata pembeni ya jicho la kushoto, na moto ukamchukua vidole. Vidole vilipona. Jicho mpaka leo linaona mwanga tu, kama mtu anayetazama taa nyuma ya pazia zito. Alikaa wodini muda mrefu, aliporudi darasani tulikuwa tumeshamwacha mbali, na kidato cha tatu hakukimaliza.

Watu wazima waliuliza: wazo la nani? Yeye alinyamaza. Na mimi nilinyamaza. Kwa kuwa mikono iliyoungua ilikuwa yake, wakahitimisha wenyewe. Mtaa mzima ukampa jina, "mwehu wa baruti", na marehemu baba yake akawa anaona aibu kupita sokoni. Mama yangu alinikataza hata kucheza naye, eti asije akaniharibu.

Wazo lilikuwa langu. Ndiyo kwanza leo naliandika.

KWA NINI KARATASI

Nilimkuta mpwa wangu amekaa kwenye ngazi, amenuna kama chura wa masika. "Shikamoo anko." Marahaba. Tukatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, tena maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Kidatu, lakini nikakumbuka kwamba na sisi tulifokewa sana kuhusu spoku. Tulichofanya baada ya kufokewa ni kuhamia nyuma ya choo.

Nikamwambia: "Roketi tutaitengeneza. Ila haitakuwa na chuma wala kiberiti."

"Sasa itakuwa na nini?"

"Karatasi."

Alinitazama kama vile nimemwahidi pilau nikamletea uji. Ikabidi nimpe kisa cha muuza viatu, kisa ambacho nami nilikipata ukubwani na kikanikalisha kimya muda mrefu siku nilipokisoma.

Mwaka 1954, katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska kule Marekani, kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la viatu, Orville Carlisle. Mchana anapima watu miguu, jioni anachezea fataki, na fataki alizijua vizuri. Bwana huyu alitengeneza kiroketi kidogo chenye mwili wa karatasi, kikawa kinapanda juu, kinafungua mwamvuli na kushuka polepole ili kirushwe tena.

Halafu ikaja tarehe 4 Oktoba 1957. Warusi wakarusha Sputnik, na vijana wa Marekani wakachanganyikiwa. Kila mwenye bomba la chuma na kemikali akawa mwanasayansi. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza macho, wapo waliopoteza maisha. Mwanzoni mwa mwaka huohuo bwana mwingine, G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya maroketi ya jeshi kule New Mexico, alikuwa ameandika makala katika jarida moja kuonya kuhusu mchezo huo. Muuza viatu aliisoma, akamtumia viroketi vyake kwa posta. Stine akavijaribu, akaona hili ndilo jibu. Ndoa ya wawili hao ndiyo iliyozaa mchezo ambao leo unachezwa dunia nzima, na amri zake kubwa ni zilezile: mwili uwe wa karatasi, mbao laini au plastiki, kamwe usiwe wa chuma, na baruti usichanganye mwenyewe, unanunua injini ndogo iliyotoka kiwandani.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu karatasi ikizidiwa inachanika. Chuma kikizidiwa kinageuka risasi.

Ona, msomaji wangu. Mimi siku zote nilidhani wenye roketi za karatasi ni masikini wasio na chuma. Kumbe waliokuwa na chuma cha kumwaga ndio waliochagua karatasi, tena kwa makusudi, baada ya kuzika watu.

Sasa hizo injini za kiwandani sijaziona duka lolote Kariakoo, na mambo ya baruti nchini yana sheria yake tangu mwaka 1963, si kitu cha kuokota. Ila ipo njia nyingine ambayo hata NASA wenyewe wameiweka kwenye vitabu vyao vya walimu: unatumia upepo. Chupa ya plastiki, mpira wa baiskeli, paipu ya maji, unakanyaga chupa, roketi inaruka. Wataalamu watakwambia hiyo si roketi kamili, kwa sababu roketi kamili inabeba mafuta yake na kuyatupa nyuma njia nzima, wakati hii yetu inasukumwa mara moja tu ikiwa chini, kisha inakwenda kwa nguvu ileile kama mshale. Sawa. Nakubali. Lakini upepo ukishaipokea, sheria za huko juu ni zilezile.

Chupa tulikuwa nayo. Paipu tuliiokota kwenye mabaki ya bomba la jirani. Iliyobaki ni tyubu ya baiskeli.

Na kutoka kwa dada, fundi baiskeli wa karibu yuko Kibaoni, chini ya mwembe. Nadhani umeshabashiri ni nani.

TYUBU

Miaka 11 nilikuwa nampungia mkono kwa mbali. Likizo nikija, nampungia. Nikienda stendi, nampungia. Mkono wangu ulikuwa hodari wa kupunga kuliko wa mgombea ubunge. Kukaa naye, hata mara moja.

Tulimkuta amegeuza Phoenix miguu juu, ananyoosha rimu kwa kuizungusha na kuisikiliza. Naapa, anaisikiliza. Rimu ikigusa kidole anajua imepinda wapi bila kuitazama.

"Mambo?"

"Poa. Umekuja lini?"

"Jana."

"Karibu."

Kimya. Nikasema natafuta tyubu kuukuu. Akauliza ya nini, baiskeli mbona sina. Mimi nikaanza kutafuta maneno, mpwa wangu ambaye mdomo wake hauna kitasa akadakia: "Shikamoo mjomba. Ni ya roketi."

Jamaa akaacha rimu. Ana tabia ya kugeuza kichwa chote, ili akuweke kwenye jicho zima. Akaniweka. Nilihisi jasho la mgongoni linashuka kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

"Chuma kipo?" akauliza.

"Hakuna. Karatasi na upepo."

"Kiberiti?"

"Hakuna."

Akanyanyuka, akaenda kwenye rundo lake la matyubu, akachambua kama mama anayechagua nyanya. Akaichagua moja, akaijaza upepo kidogo, akaizamisha kwenye beseni la maji kutafuta mapovu. Akaitupa. Akachukua ya pili, hiyo haikutoa povu. Akaipima kwa mkono, akaikata karibu na vali, akampa mtoto na mikanda miwili ya mpira ya kufungia. Fedha akakataa.

Hakunipa mimi. Alimpa mtoto.

KAZI YENYEWE

Sasa nikueleze ufundi, maana najua wapo mnaosoma huku mna mdogo wenu anayekwangua njiti.

Chupa tuliyotumia ni ya soda, ile ya plastiki ya lita 2. Usitumie ya maji ya kunywa, plastiki yake laini na inapasuka upesi. Mdomo wa chupa unauingiza kwenye ncha moja ya tyubu, unafunga kwa mkanda wa mpira mpaka pasitoke hata pumzi. Ncha ya pili ya tyubu unaivisha paipu ya plastiki ya nusu inchi, nayo unafunga. Paipu unaisimamisha, sisi tuliifunga kwenye kigoda kilicholazwa, kikaegemezwa matofali. Basi. Chupa inalala chini umbali wa hatua mbili, paipu inatazama mbinguni.

Roketi ni karatasi moja. Ile karatasi nyeupe ya fotokopi ina uzito wa gramu 5, ukitaka kujua hesabu yake ni rahisi: gramu 80 kwa mita ya mraba, na mita ya mraba inatoa karatasi 16. Unaizungushia paipu bila kuikaza, iteleze kama pete kwenye kidole, unaifunga kwa gundi au selotepu. Juu unaweka kichwa, koni ya karatasi. Chini unaweka mapezi, matatu au manne, ya manila au boksi la dawa ya meno. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, dada akalalamika unga wake.

Hiyo ni nadharia. Kwa vitendo, mzee mzima niliaibika.

Ya kwanza kichwa kiliruka chenyewe, mwili ukabaki kwenye paipu kama soksi. Upepo ulikuwa umesukuma koni tu kwa sababu nilikuwa nimeifunga kwa selotepu kidogo ya kubana matumizi. Dawa yake ni kuziba mdomo wa juu kwanza kwa kukunja karatasi na kuifunga pande zote, halafu koni ndiyo iwe kofia. Kabla ya kurusha unaweka mdomo chini ya roketi unapuliza. Ukisikia upepo shavuni, inavuja.

Ya pili haikutoka kabisa. Tuliiacha nje usiku ikale umande, karatasi ikajikunja na kubana paipu. Mpwa wangu alikanyaga chupa, chupa ikamrudisha, akakaa chini.

Ya tatu ilitoka bila mapezi, kwa sababu kijana aliona mapezi ni urembo. Ilipanda kama nyumba moja hivi, ikaanza kupiga pindu, ikaanguka kwa tumbo. Hapo ndipo somo lilipoingia. Roketi ina sehemu mbili za kuangalia: pale uzito wake unapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole, na pale upepo unapoisukuma zaidi. Uzito lazima uwe mbele ya msukumo wa upepo. Mapezi kama ya perege yanaufanya upepo ushike mkiani, na udongo kidogo wa mfinyanzi ndani ya kichwa unavuta uzito mbele. Kujua kama iko sawa huhitaji kompyuta. Unaifunga uzi pale inapokaa sawa, unaizungusha hewani kama unavyozungusha kombeo. Ikitangulia kichwa, rusha. Ikitangulia mkia, rudi kwenye uji wa ngano.

Na chupa ikishakanyagwa huitupi. Unazungushia ngumi kwenye ncha ya paipu, unapuliza kwa ngumi, chupa inavimba upya. Siku hiyo tulipuliza mpaka kizunguzungu.

Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mzee mmoja jirani aliitazama chupa, tyubu na paipu, akatikisa kichwa kwa busara akauliza: "Huu mtego mpya wa mbu?" Usimcheke. Ifakara wataalamu wa malaria wapo tangu Waswisi walipofungua maabara yao mwaka 1957, ambayo ndiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na wananchi wameshaona kila aina ya hema, chandarua na chombo cha kunasia mbu. Mtu wa hapa akiona dude la ajabu, kwanza anauliza kuhusu mbu. Nikamwambia hapana mzee, ni roketi. Akaonekana kusikitika kidogo.

Uji ukiwa unakauka, kijana akaniganda na maswali. Je, Waafrika wamewahi? Nikamwambia wewe, setilaiti ya kwanza duniani kupeleka macho yote kwenye nyota zinazotoa miale ya eksirei iliondokea hapahapa Afrika Mashariki, Ngomeni karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Akauliza, jukwaa bado lipo? Nikamwambia maroketi yalirushwa pale kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988, yakaisha.

Nikampa na ya Shaba, kule Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambako kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha maroketi ya mabomba yaliyofungwa pamoja kama kuni. Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikwenda kushuhudia. Ikapanda kidogo, ikageuka, ikaanguka mbele ya macho ya rais. Nikampa na ya mwalimu wa Zambia, nchi hiyohiyo inakoishia reli yetu ya TAZARA, bwana Edward Makuka Nkoloso, ambaye mwaka 1964 alikuwa anawaweka wanafunzi wake ndani ya pipa na kuwaviringisha mlimani ili wazoee safari ya mwezini. Dunia nzima ilimcheka. Mpwa wangu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Pipa lilikuwa la chuma?"

HESABU ZA KIDATO CHA NNE ZAFUFUKA

Kurusha bila kupima ni sawa na kuvua samaki ukamwachia. Kijana alitaka kujua imefika wapi, na mimi nikajikuta natafuta mkebe wangu wa hisabati ambao dada alikuwa ameutunza kwa kuwekea vifungo.

Unachukua protrakta, unafunga uzi pale katikati, uzi unaning'iniza nati. Unasimama mita 20 kutoka kwenye paipu, tulipima kwa futikamba ya fundi mwashi. Roketi ikiruka unaifuata kwa jicho kupitia ule upande ulionyooka, ikifika kileleni unabana uzi kwa kidole. Namba iliyoshikwa na uzi unaitoa kwenye 90, hiyo ndiyo pembe. Tanjenti ya pembe mara 20, jumlisha urefu wa macho yako kutoka chini, umepata kimo.

SOTOCAHAH! Niliimba wimbo ule miaka minne, nikaandika kwenye mkono, nikaingia nao kwenye mtihani, bado nikafeli. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unapima kitu ambacho mkono haufiki. Labda aliniambia, mimi nilikuwa nachungulia dirishani.

Roketi ya nne ndiyo ya kwanza kupimwa. Uzi ukasimama 63, kwa hiyo pembe ni 27, tanjenti yake 0.51. Mara 20 ni mita 10.2, jumlisha macho ya mtoto mita 1.3, jumla mita 11.5. Mtoto alipiga kelele utadhani Simba imefunga dakika ya 90. Tukaongeza udongo kichwani, tukanyoosha mapezi yaliyokuwa yamepinda na kuifanya roketi izunguke kama pia. Ya sita uzi ukasimama 48. Pembe 42, mita 18, jumlisha 1.3, ni 19.3. Ilipita juu ya mnazi wa jirani kwa dharau, ikashuka taratibu ikipepesuka, ikatua kwenye mabua ya mpunga bila jeraha.

Kwa taarifa yako, mwili wa roketi ile ulikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari langu la fizikia la kidato cha nne. Ukitazama kwa karibu ulikuwa unasoma mwandiko wangu: kila kani ina kani mkabala. Niliinakili sentensi hiyo mara nyingi kwa adhabu. Siku ile ilipita juu ya mnazi.

Onyo moja kabla sijasahau. Mtu asichungulie kwenye paipu. Asisimame mtu juu yake, asielekeze mtu roketi kwa mwenzake hata kwa utani. Karatasi ni karatasi, lakini koni yenye udongo ikikupata jichoni haitauliza imetengenezwa na nini. Hilo nililisema mara nyingi mpaka mpwa wangu akawa ananigeza sauti.

JIONI

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu hivi, jua limelegea, Udzungwa imeanza kuwa ya bluu. Nikaona baiskeli inakuja kwenye tuta la jaruba, inaendeshwa na mtu aliyegeuza kichwa kidogo kulia.

Akaegemeza baiskeli, hakusalimu mtu. Akakagua fundo la tyubu, akaona tumelifunga ovyo, akalifungua na kulifunga upya. Akaishika roketi, akaigeuza, akaipima uzito kwenye kidole.

"Nyepesi," akasema.

Mpwa wangu alikuwa mita 20 mbali na protrakta yake. Tulikuwa wawili tu pale kwenye paipu. Nikaona kama sisemi sasa, nitaendelea kupunga mkono mpaka tuzikane.

"Mwanangu," nikamwambia, "lile wazo lilikuwa langu. Kila mtu alidhani ni wewe, na mimi nikanyamaza. Hata mzee wako sikumwambia mpaka amekufa."

Alikuwa anaivisha roketi kwenye paipu, anaishusha taratibu. Hakunitazama.

"Najua," akasema. "Si nilikuwepo?"

Nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa nimetegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa ngumi. Nikaanza kusema mengine, samahani na nini, akaninyooshea mkono kama trafiki.

"Baba ungemwambia," akasema. "Mimi nilikuwa nakusubiri umwambie yeye."

Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka naandika hapa sina. Akaniuliza kama hii chupa inakanyagwa kwa kisigino au kwa unyayo. Nikamwambia kwa unyayo wote, kwa mpigo mmoja. Akavua ndala. Akamwita mtoto kwa mbali amwulize kama yuko tayari, mtoto akainua mkono.

Akakanyaga.

Ilitoka na mlio mfupi, kama mtu aliyeziba mdomo akacheka. Akageuza kichwa chote kuifuata kwa jicho moja, akaifuata mpaka juu, na aliendelea kuitazama ilipokuwa inashuka. Kutoka ng'ambo mtoto akapiga kelele: "Arobaini na sita!" Pembe 44. Tulihesabu kwa kijiti kwenye vumbi, mita 20.6, rekodi ya bonde lote la Kilombero mpaka atakapojitokeza mwingine kutuvunjia.

Chupa ilikuwa imepata ufa. Mtoto akasema kesho atatafuta nyingine, jamaa akamwambia apite kibandani asubuhi, ipo. Kisha akaenda mwenyewe kuiokota roketi kwenye mabua, akaipangusa, akaichomeka kwenye keria ya baiskeli.

"Hii ndiyo bei ya tyubu," akasema, akapanda, akaondoka.